Njia ya Anza kule Tubac: mto una maji, na goti la mzee litafika

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tucson. Tulitoka Uvira, tukakaa Kakuma miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Baba yangu ana miaka 67, zamani alikuwa mvuvi, na sasa amechoka kukaa ndani ya nyumba. Goti moja linamsumbua. Mwenzangu kazini ameniambia kuna njia ya kale ya wapanda farasi kule Tubac, inapita kando ya mto na watu huenda kutazama ndege. Mimi Mto Santa Cruz nauona kila siku nikienda kazini, ni mchanga mtupu. Kweli kule kuna maji? Twende lini, tuanzie wapi, tutaona ndege gani, kuna hatari zipi, na ni lazima ninunue darubini ya bei kubwa?"

Jibu: Dada yangu, maji yapo, na goti la mzee litafika sehemu nzuri ya njia hiyo, inayoitwa Njia ya Anza kwa jina la kapteni Mhispania wa zamani, bila kuteseka. Niruhusu nianze na mto, maana ukishauelewa mto utajua ndege wako wapi na saa ngapi.

Ninyi mliokaa Kakuma mnaijua Tarach, ile laga yenu, yaani mto wa msimu. Miezi inapita watu wanakatiza mchangani na watoto wanacheza mpira humo humo, halafu mvua inanyesha huko mbali ambako hata wingu hamlioni, na laga inashuka na kila kilicho mbele yake. Santa Cruz ni wa ukoo huo huo, ila una mzunguko wa ajabu. Unaanzia Bonde la San Rafael ndani ya Arizona, unateremka kusini hadi jimbo la Sonora nchini Mexico, unapiga kona huko, halafu unarudi Marekani mashariki ya mji wa Nogales na kushika njia ya kaskazini kupitia Tubac hadi kwenu Tucson. Zamani maji yalionekana juu ya mchanga sehemu nyingi zaidi. Katika karne ya 20 mashamba, migodi na miji ilichimba visima na kuvuta maji ya chini ya ardhi kuliko mvua ilivyoweza kuyarudisha, mto ukazama. Hapo Tucson kuna kipande karibu na katikati ya mji ambacho tangu 2019 kinafunguliwa maji yaliyosafishwa, na siku ambayo hamna muda wa kwenda mbali kinafaa kwa nusu saa ya jioni. Ila usikifananishe na Tubac.

Kuhusu maji ya Tubac nitakwambia mapema ili usije ukaambiwa na mtu mwingine ukaghairi safari: kwa sehemu kubwa ya mwaka, kinachotiririka pale ni majitaka yaliyosafishwa. Miji miwili yenye jina moja, Nogales ya Mexico na Nogales ya Marekani, hupeleka majitaka yake kwenye mtambo mmoja uliopo Rio Rico, upande wa Arizona. Yakishasafishwa yanaachiwa mtoni, yanakwenda kaskazini kilometa kadhaa chini ya miti, kisha yananywewa na mchanga mbele ya Tubac. Miaka ya nyuma usafishaji ulikuwa hafifu. Amonia ilikuwa nyingi, samaki hawakuweza kuishi, na utelezi ulioganda kwenye sakafu ya mto ulizuia maji yasizame kufikia mizizi ya miti. Mtambo ulikarabatiwa mwaka 2009 na mambo yakabadilika haraka. Mwaka 2015 alionekana tena samaki mdogo wa asili anayeitwa Gila topminnow, ambaye alikuwa ametoweka kwenye kipande hicho. Mzee wako atamcheka, maana ni mdogo kuliko ndagala wa Ziwa Tanganyika, lakini huyo ndiye anayekula viluwiluwi vya mbu, na serikali inamlinda kama spishi iliyo hatarini.

Jambo moja linalowanyima usingizi wapenzi wa mto huu ni kwamba sehemu kubwa ya majitaka hayo yanatoka Mexico, na Mexico ina haki ya kubaki na ya kwake. Mwaka 2012 ulifunguliwa mtambo mwingine upande wa Sonora, unaoitwa Los Alisos, na sehemu ya maji sasa inabaki huko. Kwa hiyo nenda na watoto wako wakati mto upo.

Maji hayo ni ya kutazama tu. Hifadhi ya taifa ya kihistoria ya Tumacácori, kusini kidogo ya Tubac, inaonya watu wasiyaguse ovyo kwa sababu ya vijidudu, hasa baada ya mvua. Watoto wasiogelee, wasinywe, na mwenye kidonda mguuni asikanyage. Mzee akisema "lakini haya ni masafi kuliko ya kambini", mwambie namheshimu, ila anawe mikono kabla ya kula.

Sasa miti. Ukishuka kutoka ngome ya zamani ya Tubac utapita kwenye vichaka vikavu vya miiba, vumbi na mawe, na baada ya dakika chache utaingia chini ya kotonwudi, miti mikubwa yenye gome lililopasuka na majani yanayotikisika hata pasipo upepo wa maana. Kati ya Aprili na Mei hutoa nyuzi nyeupe kama sufi, zinarundikana pembeni mwa njia hadi kwenye vifundo vya miguu. Kuna mierebi karibu na maji, na nyuma yake, ardhi inapoinuka kidogo, kuna msitu wa meskiti. Huo mti utautambua kabla hujaambiwa: majani madogo madogo, miiba, makunde yanayoning'inia. Ni ndugu wa mathenge.

Najua neno hilo linaleta nini kichwani kwa mtu aliyeishi Turkana. Mathenge uliletwa Kenya kutoka nje kuzuia jangwa, ukameza malisho, na wafugaji wa Baringo walifika mahali pa kupeleka mbuzi mahakamani Nairobi ili jaji aone mwenyewe meno yalivyong'oka kwa kula makunde yake. Hapa meskiti uko nyumbani kwao. Wenyeji wa bonde hili, Waodham, walisaga makunde yake kuwa unga kwa vizazi vingi, na ndege wadogo kadhaa wanategemea matundu yake kwa kutagia. Mkifika, mwachie mzee aukague mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kuchomwa na mathenge ana maoni kuhusu meskiti.

Ardhi ya kando ya mto haifiki hata asilimia 1 ya Arizona yote. Ndege anayevuka jangwa anauona mkanda huu wa kijani kutoka juu, na hana pengine pa kushuka kwa maji, kivuli na wadudu kwa pamoja. Zaidi ya hapo, bonde hili linaelekea kusini moja kwa moja, hivyo ndege wa Mexico ambao kwa kawaida hawafiki Marekani hulifuata na kuishia hapa. Ndiyo maana utakuta watu waliotoka London au Chicago wamesimama chini ya mti mmoja Tubac, shingo nyuma, mdomo wazi.

Na kusimama ndiyo kazi yenyewe. Njia kati ya Tubac na Tumacácori ni kilometa sita na ushee kwenda tu, na wengi wanaolalamika kwamba hawakuona kitu ni wale waliotaka kuimaliza. Ndege wa hapa wamesongamana kwenye ukanda mwembamba. Ukipiga hatua mia mbili kisha ukatulia robo saa, watakuja wenyewe kwenye matawi walikokuwa kabla hujawashtua. Kwa hiyo goti bovu la mzee ni faida kwa msafara wenu, kwa sababu ndilo litakalowapangia mwendo.

Mpango wangu kwenu ni huu. Mwondoke Tucson saa 11 alfajiri. Tubac iko kama kilometa 72 kusini kwa barabara ya I-19, na utafurahi kujua kwamba hiyo ni barabara kuu ya Marekani ambayo vibao vyake vya umbali viko kwa kilometa. Mwanzo wa njia uko jirani na ngome ya zamani. Egesheni hapo jua likichomoza, ambayo mwisho wa Aprili ni kwenye saa 12 kasoro hivi, mshuke hadi kwenye miti, mtafute gogo la mzee kukalia, na msiende mbali zaidi ya pale anapotaka. Njia ni tambarare. Tatizo lake ni mchanga mlaini unaochosha miguu, kwa hiyo mpe fimbo na viatu vya kufunga kamba, si kandambili. Mbele njia huvuka mto juu ya magogo au mbao, na mafuriko huzibeba mara kwa mara. Mkikuta hakuna pa kuvukia, geuzeni, hakuna mlichopoteza.

Ikifika saa 3 hivi jua linaanza kuwa kali na ndege wananyamaza. Hapo pandeni gari mwende Tumacácori, kituo kinachofuata upande wa kusini, ambako makumbusho hufunguliwa saa hiyo hiyo ya tatu. Kuna vyoo, maji ya kunywa na kivuli, na wenye nguvu bado wanaweza kutembea robo saa kutoka kanisani hadi mtoni upande huo. Kutembea njiani ni bure. Kuingia kwenye kanisa la kale na makumbusho kuna kiingilio kwa watu wazima, lakini walio chini ya miaka 16 hawalipi. Kama una mtoto wa darasa la nne, mwalimu wake anaweza kukuelekeza namna ya kupata pasi ya bure ya mwaka ambayo inaingiza familia nzima kwenye hifadhi za taifa. Wazazi wengi wageni hawaijui na mwaka unapita hivi hivi.

Kuhusu msimu, katikati ya Machi hadi katikati ya Mei ndiyo chaguo langu bila kusita. Wanaohama wanapita, wanaozaa hapa wanaimba, na joto bado linavumilika hadi saa 4. Juni usimpeleke mzee: ni mwezi mkavu, joto linapita nyuzi 38 mara nyingi, na kilometa moja kwenye mchanga inakuwa safari. Julai na Agosti zinaleta mvua za radi za alasiri. Msitu unakuwa wa kijani tena, kekeo anafika, lakini mnatakiwa muwe mmetoka mtoni kabla ya saa 6 mchana. Desemba hadi Februari asubuhi ni ya baridi ya kuganda, kotonwudi hazina majani, ndege wa kuimba ni wachache ila shomoro wa kaskazini wamejaa, na kwa kuwa matawi yako wazi watoto wanaona vizuri. Kwa familia isiyopenda kuamka alfajiri, Januari saa 4 asubuhi ni wakati mzuri kabisa.

Sasa ndege wenyewe. Orodha ya Tubac ni ndefu, lakini kwa siku ya kwanza nawapa wachache tu, wale ambao mtoto anaweza kuwatambua bila kitabu.

Wa kwanza ni yule mwekundu. Kwenye programu za simu utamkuta kwa jina la Vermilion Flycatcher. Dume ana kichwa na kifua chekundu cha kuwaka, mgongo na mabawa ya kahawia iliyokolea, na ukanda wa giza unaopita machoni. Anapenda kukaa chini chini, kwenye waya wa uzio au ncha ya tawi kavu mahali penye uwazi. Waambie watoto wamchague mmoja na wasimwache. Anatulia, kichwa kinageuka kufuata mdudu, anachomoka, mnasikia mdomo ukifunga, anarudi kwenye ncha ile ile ya tawi. Kama mdudu ni mkubwa anampigapiga kwenye tawi kwanza. Kwa kuwa anarudi pale pale, ni ndege bora kuliko wote wa kumfundishia mtoto kutumia darubini: unaielekeza kwenye tawi, unasubiri mwenyewe arudi. Mwezi wa tatu mtamwona dume akipanda hewani polepole, manyoya ya kifua yametutumka, akiimba huku akipepesa mabawa juu ya jike aliyejikalia hana habari.

Wa pili ni kipanga wa kijivu, Gray Hawk. Nchini Marekani kote anazaliana Arizona ya kusini na pembe za mpakani tu, na bonde hili ni mojawapo ya ngome zake. Anafika Machi kutoka Mexico. Mtamsikia kabla ya kumwona, mluzi mrefu wa huzuni unaoteremka, kutoka juu kabisa ya kotonwudi. Kiota anakiweka kwenye miti mikubwa ya mtoni, ila chakula anakitafuta kwenye meskiti, hasa mijusi. Ndiyo maana anahitaji misitu yote miwili iwe jirani. Ukikata mmoja, anaondoka. Mkia wake una mapande meusi na meupe yanayoonekana vizuri akipita juu. Msimchanganye na tumbusi weusi wanaozunguka juu zaidi. Na hao tumbusi, ingawa kwa kazi na upara wanafanana na wa Afrika, si wa ukoo mmoja nao.

Kisha kuna fainopepla. Dume ni mweusi anayeng'aa, ana kishungi kichwani na jicho jekundu, na akiruka mabawa yanaonyesha mabaka meupe. Angalieni juu ya meskiti mtaona mafundo ya mmea mwingine ulioota kwenye matawi, wenye matunda madogo mekundu. Ni kirukia. Fainopepla anakula matunda hayo, mbegu inapita tumboni haraka, inatoka ikiwa na utomvu, inanata kwenye tawi na kuota hapo hapo. Kwa hiyo ndege huyu anajipandia shamba lake, na dume hulinda fundo moja la kirukia dhidi ya wenzake kwa ukali. Nimewahi kukaa kumtazama mmoja akifukuza kila kilichokaribia, hadi ndege wakubwa kumzidi, na katikati ya vita anashuka kula tunda moja, anarudi vitani.

Kwa mzee nina wawili. Bata miluzi mwenye tumbo jeusi huonekana kwenye madimbwi ya bonde hili wakati wa joto, na anapanga viota ndani ya mashimo ya miti. Huyo ni ndugu wa karibu wa bata miluzi wa Afrika Mashariki, yule mwenye uso mweupe, na mvuvi wa Uvira aliyewahi kuusikia mluzi wa bata usiku kwenye delta ya Ruzizi hatahitaji maelezo yangu. Wa pili ni kekeo mwenye mdomo wa manjano. Anafika kwa kuchelewa, mwisho wa Juni, karibu na mvua, na watu wa vijijini Marekani wamemhusisha na mvua tangu zamani, kama sisi tunavyofanya na kekeo wetu. Wa magharibi mwa Marekani wamepungua sana kwa sababu misitu ya mito imekauka au kukatwa, na tangu 2014 wanalindwa kisheria. Tofauti na kekeo wengi wa kwetu wanaowatwisha wengine mayai, huyu hujenga kiota na kulea mwenyewe.

Kuna pia wavumaji, wale ndege wadogo wanaosimama hewani mbele ya ua. Afrika hatuna hata mmoja. Chozi wetu ni jamii nyingine iliyofikia kazi ile ile kwa njia yake. Wa hapa mwenye mdomo mwekundu na mwili wa kijani na buluu ana uzito wa gramu tatu hadi nne. Kigogota, bundi, kwale wa jangwani mwenye shungi linaloning'inia mbele ya paji la uso akiongoza vifaranga dazeni nzima mwezi wa tano, hao mtawapata bila mimi kuwaelekeza.

Mmoja namtaja kwa tahadhari. Miaka mingine jozi chache za ndege wa Mexico anayeitwa Rose-throated Becard hujenga kando ya njia hii. Kiota chake ni furushi kubwa la majani na nyuzi linaloning'inia kwenye ncha ya tawi juu ya maji, kikubwa mara kadhaa kuliko cha mnana. Mkikuta watu wamekusanyika wakinong'ona wakitazama furushi, ndilo hilo. Simameni mbali kama wao. Na tafadhali usipige sauti za ndege kwenye simu ili kumwita. Wapo wanaofanya hivyo ili wapate picha, na ndege anaacha mayai kuja kupigana na adui asiyekuwepo.

Umesema "njia ya wapanda farasi". Farasi walikuwepo, lakini mwenzako amekupa nusu ya habari. Ngome ya Tubac ilijengwa na Wahispania mwaka 1752, mwaka mmoja baada ya wenyeji wa bonde kuasi. Kapteni wake, Juan Bautista de Anza, alitafuta njia ya nchi kavu kwenda California mwaka 1774, na tarehe 23 Oktoba 1775 akaondoka Tubac na msafara wa watu wapatao 240 na wanyama zaidi ya 1,000. Askari walikuwa wachache. Zaidi ya nusu ya watu hao walikuwa watoto. Ni familia maskini za Sinaloa na Sonora zilizoahidiwa ardhi, chakula na nguo wakikubali kuhama, watu wa damu mchanganyiko, wengine wenye asili ya Afrika kama maandishi ya wakati ule yanavyoonyesha. Usiku wa kwanza tu baada ya kuondoka, mwanamke mmoja, Manuela Piñuelas, alijifungua na kufariki, mtoto akaishi. Hakuna mwingine aliyekufa njiani hadi wakafika Monterey, Machi 1776, na baadaye mwaka huo kundi hilo likaanzisha makazi ya San Francisco. Tangu 1990 njia nzima, karibu kilometa 1,930, inatambuliwa kama njia ya kihistoria ya taifa. Kipande chenu ni kile walichopitia wakiwa bado na nguvu.

Simulia hayo kwa watoto, lakini usiishie kwa Anza. Waodham waliishi kando ya mto huu kabla ya ngome na kabla ya misheni ya Tumacácori, ambayo padri Kino, mmisionari, aliianzisha Januari 1691. Kanisa kubwa mtakaloliona lilianza kujengwa karibu mwaka 1800 na mnara wake wa kengele haukumalizika hadi leo. Mashambulizi na baridi kali viliwaondoa watu wa mwisho mwaka 1848.

Hatari ni za kawaida, ila mbili mgeni hazijui. Ya kwanza ni nyuki. Nyuki wa mwituni wa kusini mwa Arizona wengi wana damu ya Afrika: malkia walichukuliwa Afrika mwaka 1956 wakapelekwa Brazil kwa utafiti, makundi yakatoroka mwaka uliofuata, na ilipofika 1993 walikuwa wameshaingia Arizona. Ukali wao mnaujua. Mkisikia mvumo kwenye shimo la kotonwudi, ondokeni kimya kimya, na wakianza kuwauma, kimbieni hadi kwenye gari, msijitupe mtoni. Nyoka wa njuga wapo kuanzia Machi, kwa hiyo watoto wasitie mikono chini ya magogo, na kabla mzee hajakaa, piga gogo kwa fimbo. Kuhusu mafuriko sina la kuwafundisha watu wa Tarach, isipokuwa kwamba barabara ya lami ikikatizwa na maji nayo ni laga. Zima gari usubiri. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu mzima.

Hatari ya pili haina sumu. Kwenye I-19, kaskazini ya Tubac, kuna kituo cha ukaguzi cha askari wa mpaka, na magari yote yanayorudi Tucson yanapita hapo. Mtu mzima mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, anatakiwa kisheria kuwa nayo mwilini, kwa hiyo kadi ya mzee isibaki kabatini. Akiwa nayo, mtaulizwa uraia au hali yenu, mtajibu, mtaendelea na safari. Mwandae tu kabla, maana mzee aliyeishi kambini akiona askari na mbwa kando ya barabara moyo unaweza kumdunda bila sababu.

Darubini. Hapana, usinunue ya bei kubwa. Tafuta iliyoandikwa 8x42 au 8x32: nambari ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wauzaji watakusukumia 10x kwa kuwa inaonekana "kali zaidi", lakini mkono wa mzee na wa mtoto utatikisa picha hadi wasione kitu. 8x32 ni nyepesi na mtoto wa miaka minane anaimudu. Iliyotumika inafaa, mradi uipime dukani: tazama kibao cha mbali, na kama picha mbili hazikai kuwa moja au macho yanavutika, irudishe. Moja inawatosha wanne. Pakueni nyumbani programu ya Merlin ya chuo kikuu cha Cornell pamoja na kifurushi cha ndege wa Arizona. Ni bure, inatambua sauti za ndege hata mahali pasipo na mtandao. Na kama mnataka mtu wa kuwaongoza mara ya kwanza, Tucson Bird Alliance, chama cha wapenda ndege, huandaa matembezi ya bure, na wanaoongoza mara nyingi huwa na darubini ya ziada kwenye gari. Waulize kabla hujatoa senti.